Mtu wa Nyota wa Mifuko ya Saruji

Siku nne kabla ya ngoma, manju alikuja gereji akanivuta nyuma ya lori lililokuwa limeinuliwa kwa jeki. Manju ndivyo Wasukuma wanavyomwita kiongozi wa ngoma, mtunga nyimbo na mchezaji wa mbele. Aliniambia kwamba huko bondeni watu watauliza vazi lake la ngoma limetengenezwa na nani, naye angependa kuwajibu kuwa ni fundi mmoja.

"Dawa ya ngoma ikichanganywa na watu wawili, kila mmoja anaivutia kwake," alisema. "Halafu nikitaja kwamba mwanamke alikuwemo, wale wapinzani wangu watanitungia wimbo kuwa nimeshonewa gauni. Utakuwa wewe. Ukiulizwa, jibu ni wewe peke yako. Tumeelewana, ndugu yangu?"

Nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa chenye petroli. Nikasema, "Tumeelewana."

Hakunitisha. Wala hakuniahidi kitu. Kama ningemwambia kwamba haiwezekani, angecheka, angenipiga begani, na mambo yangekwenda vilevile, kwa sababu vazi lilikuwa bado nyumbani kwangu na yeye alilihitaji kuliko mimi nilivyomhitaji yeye. Nimezeeka nikitafuta mtu wa kumbebesha jibu lile na sijampata. Robo tatu ya vazi lile ilitoka kichwani mwa mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kupaka.

Lakini sehemu kubwa ya habari hii ni ya furaha, na sitaki furaha yenyewe ipotee kwa sababu ya mwisho wake. Kwa hiyo narudi nyuma kidogo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika. Sumbawanga tuliyokuwa tukipanga foleni ya sabuni ikapata ghafla maduka yenye sabuni za rangi tatu. Vikaja vibanda vya video, vyenye mabenchi na pazia jeusi mlangoni, na ndani yake watu wa nchi za mbali wakipigana usiku kucha hata kama nje ilikuwa saa nane mchana. Na ikaja mitumba. Marobota yalifunguliwa sokoni watu wakayaangukia kama kuku kwenye mtama.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na mashine yake barazani kwa duka moja karibu na soko, na kabla ya mitumba wanawake walikuwa wakisubiri zamu kwake kuelekea Pasaka na Krismasi. Walimwita "fundi" hata kanisani. Mitumba ilipokuja, wakaacha kumwita. Hawakuwa na ubaya; hawakuwa tu na sababu ya kumwita. Alibaki na sare za shule mwezi wa kwanza, na kupunguza suruali za mitumba zilizokuwa na viuno vya watu wa nchi nyingine. Siku moja alirudisha cherehani nyumbani kwa toroli, akaiweka chumbani na kuifunika kwa kitambaa cha maua.

Mimi nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, ambacho hakikunipeleka ofisi yoyote, na kazi ya gereji. Kazi yangu hasa ilikuwa faiba. Malori yaliyotoka Tunduma na Mpanda yalifika kwetu yamepasuka mabawa ya juu ya magurudumu na boneti kwa ubovu wa barabara, nami nilikuwa nimejifunza kwa mwenzetu mmoja aliyewahi kuziba maboti Kasanga. Unachukua rezini, gundi nzito yenye rangi ya asali, unadondoshea matone ya dawa ya kukazia tunayoita hadena, unapaka juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na baada ya muda ile gundi inakuwa ngumu kama pembe. Inanuka kiasi kwamba nzi wenyewe wanahama.

Manju alinikuta nikifanya kazi hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mwenye kofia ya mduara na rubega. Familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga ikaweka makazi bondeni, karibu na ziwa, mbele ya Muze, nao walikuwa na shamba la mpunga huko. Alikuwa amekuja mjini na lori la mpunga, na mchana ule alikuwa ametoka kwenye kibanda cha video. Macho yake yalikuwa bado huko ndani.

"Bwana fundi," alisema, akigonga bawa la lori kwa ukucha. "Hiki unachopaka kinaweza kuwa kifua?"

"Kifua cha nini?"

"Cha mtu."

Wenzangu waliokuwa chini ya lori wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mpeleke hospitali ya mkoa, Mzee, huku tunatibu Bedford tu."

Manju hakujali. Alichuchumaa akachora kwa kijiti kwenye vumbi lenye oili: mtu mwenye kifua cha mabamba, mabega yaliyochomoza kama mapaa, na kofia inayofunika uso wote. Mtu wa kutoka kwenye nyota, alisema. Amewaona watatu wakishuka kutoka chomboni na kila aliyewatazama akakimbia. Yeye alikuwa na ngoma mwezi wa saba baada ya mavuno. Wasukuma hucheza kwa kushindana: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, huyu huku na huyu kule, na watazamaji wanahama kwa miguu yao. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna mwamuzi mwingine. Mwaka uliopita wapinzani wake walileta chatu, na manju aliimba saa nzima akitazamwa na mbwa wawili na mama yake mzazi.

"Safari hii nataka wamwache huyo nyoka wao peke yake," alisema.

Nilikwenda nyumbani nikamchorea mke wangu kwenye daftari. Alikuwa anapepeta ulezi uani. Alitazama mchoro kwa muda, ungo mapajani.

"Huyu mtu anakojoaje?"

"Hilo halikuonyeshwa kwenye video."

"Basi aliyemtengenezea hakuwa mshonaji." Akaweka ungo chini. "Na anakaaje? Na akitaka kuinua mkono, hii pembe ya bega si inamchoma shingoni? Lete penseli."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa na mpango wa kutengeneza umbo la udongo, kulipaka rezini, na kulivunja, kama tulivyofanya kwa boneti. Ningehitaji udongo wa toroli tano na nyuzi za kioo ambazo gereji isingenipa. Mke wangu alisema karatasi inatosha. Alichukua mfuko mtupu wa saruji, akaukung'uta, akaukata, akafanya kile wanachofanya mafundi wa nguo kwenye kifua cha gauni: unakata kipembe, unaziunganisha kingo mbili, na kitu kilichokuwa bapa kinavimba. Mbele ya macho yangu karatasi ilipata kifua. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, nimesoma jiometri kwa vitabu, na sikuwahi kujua kwamba kilichokuwa kwenye magauni ya mama yangu ni jiometri ile ile.

"Wewe umejifunza wapi hii?" niliuliza.

"Wewe ulifikiri nguo zinavimba kwa maombi?"

Manju alipokuja tena na lori, mke wangu alimpima. Alisimama uani ameinua mikono, mwanamume asiyemwogopa fahali, akiona haya kama mwari. Mke wangu alimfikia kifuani, kwa hiyo alipanda juu ya kinu.

"Shemeji, unanipima jeneza?"

"Jeneza lingekuwa rahisi, shemeji. Halichezi." Akavuta utepe kiunoni kwake. "Hebu cheza."

"Hapa?"

"Nitajuaje pa kukata? Cheza."

Basi manju akacheza uani kwetu bila ngoma, mimi nikipiga sufuria. Alichuchumaa, akaruka, akatikisa mabega, akajitupa chini na kuinuka bila kutumia mikono. Mke wangu alimzunguka na kipande cha chaki akiweka alama kwenye shati lake: hapa panakunjika, hapa pananyooka, hapa hapaguswi. Majirani walichungulia juu ya ua wa matete. Mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa anapungwa pepo.

Tulifanya kazi ile majuma saba. Nikitoka gereji jioni, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, nilimkuta ameshakata. Alitandika mifuko ya saruji sakafuni na kutambaa juu yake na mkasi. Vipande alivishona kwanza kwa uzi kwenye cherehani, ambayo ilivuliwa kitambaa chake cha maua, kisha tukapaka uji mzito wa unga wa muhogo na kubandika karatasi juu ya karatasi, tabaka tano, sita. Mahali pa nyuzi za kioo tulitumia pazia la mtumba, lile la wavu lenye maua meupe, kwa kuwa lilinywa rezini vizuri. Ukilitazama vazi kwa ndani, mtu wa nyota alikuwa na mawaridi mgongoni.

Tulicheka sana majuma yale. Aliniuliza kila kitu. "Unaonaje, bega liingie chini ya kifua au juu?" "Unaonaje, shingo tuiache wazi apumue?" Nami nilimuuliza pia, na mara nyingi jibu lake lilikuwa bora kuliko langu, na halikuniuma hata kidogo. Tulikula kwa kuchelewa. Ugali ulikuwa na uzi ndani. Mke wangu alikuwa akiimba nyimbo za kwaya za kanisani kwa maneno yake mwenyewe, kuhusu mtu aliyeshuka toka juu akakosa pa kukojolea.

Jioni moja, akiwa amevaa kofia ya karatasi ambayo bado haikuwa na macho, alisema kutoka ndani yake, "Siku ya ngoma nataka nisimame mbele kabisa. Wakiuliza fundi ni nani, nitainua mkono. Tangu mitumba ije hakuna aliyeniita fundi. Nataka nisikie tena, hata kama ni Muze."

"Utainua miwili," nilimwambia.

Nililisema hilo. Nalikumbuka vizuri kabisa.

Baridi ndiyo iliyotaka kutushinda. Wasioijua Ufipa hudhani Tanzania yote ni joto. Mwezi wa sita upepo wa kwetu unapita kwenye koti kama halipo, na asubuhi majani yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Rezini haipendi baridi. Nilipaka kifua siku ya Jumatatu, na Alhamisi kilikuwa bado kinanata kama ulimbo. Kuku wa jirani alitua juu yake, akaondoka na kuacha manyoya ya kutosha mto mdogo.

Hapo nikafanya kosa la mjuaji. Niliona dawa ya kukazia ndiyo inayokazia, kwa hiyo nikaongeza. Nilimimina hadena mara tatu ya kipimo, nikapaka kofia haraka haraka, nikaiweka juu ya meza. Baada ya muda mfupi ikaanza kupata moto yenyewe. Ikatoa moshi. Ikalia "pa!" na kupasuka kutoka utosini hadi kidevuni, kisha ikajikunja kama jani la tumbaku.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ulikuwa unatengeneza au unapika?"

"Nilitaka ikauke."

"Imekauka."

Aliigeuzageuza ile maiti ya kofia. Kisha akainua macho kutazama juu ya mafiga. Katika jiko letu, kama majiko mengi ya Ufipa wakati ule, kulikuwa na dari la fito juu ya moto, tunapotandika mahindi yapate moshi yasiingiliwe na wadudu. Huko juu kulikuwa na joto lile lile mchana kutwa, dogo, lisilokuwa na haraka.

"Mahindi yanakaukia wapi?" aliuliza.

Alisubiri moto ushuke hadi yabaki makaa chini ya majivu, kwa kuwa alihofia mvuke wa rezini usije ukashika moto, na alikuwa na haki ya kuuhofia. Leo nikikumbuka natoka jasho. Tukapandisha kifua juu ya dari, kati ya magunzi na mahindi ya mbegu. Kesho yake mchana nilikigonga kwa kidole kikalia kama mlango. Vipande vyote kumi na vinne vilikauka huko, kimoja kimoja, kwa kipimo kile kile cha hadena nilichofundishwa. Mgeni aliyeingia jikoni na kuinua macho aliona mkono wa mtu wa nyota ukining'inia juu ya sufuria ya maharage. Mahindi yale yalibaki na harufu ya gereji, na mbegu nyingine hazikuota.

Rangi ilikuwa ile ya fedha inayopakwa mageti. Macho ya kofia yalikuwa vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli, na mke wangu aliacha tundu dogo chini ya kila kimoja ili manju aone anakokanyaga. Ndani alishona fulana ya kanga kuukuu ya kunyonya jasho, na kila kipande akakitia kamba za kufunga kwa fundo moja, ili mtu akizidiwa avuliwe upesi. Kwapani aliacha wazi kabisa. Mimi nilipinga kwamba mtu wa nyota hawezi kuonekana makwapa. Aliniambia bondeni kuna joto, na mtu wa nyota akizimia mbele ya watu, hatakuwa wa nyota tena.

Lilipokamilika, alilivaa yeye. Lilimfika magotini. Alizunguka ua mara mbili akitembea kwa madaha ya padri anayebeba Ekaristi, kuku wakikimbia, mimi nikilia kwa kucheka hadi nikakaa chini. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne manju alikuja gereji, na nimeshasimulia tulichozungumza nyuma ya lori.

Siku ya Ijumaa nilimwambia mke wangu kwamba lori limejaa.

"Limejaa nini?"

"Watu wa ngoma. Na ngoma zenyewe. Manju anasema nafasi ni moja."

Alikuwa ameshapiga pasi gauni lake la bluu. Lilikuwa kwenye kiti. Alilitazama, akasema, "Basi nitasubiri unisimulie. Lakini uangalie bega la kulia. Nina wasiwasi na kamba ya bega la kulia." Akalikunja gauni akaliweka sandukuni.

Lori lilibaki na nafasi ya watu sita au saba. Niliketi kwenye gunia tupu nikashuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa na vazi la mke wangu limefungwa kwenye magunia ya mpunga, hewa ikizidi kuwa ya moto kila tulipopinda kona, na wanawake watatu wa kundi la manju waliimba njia nzima.

Ngoma yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa kitu cha ajabu. Uwanja ulikuwa mweupe kwa vumbi. Watu walitoka Milepa, Muze na vijiji vyote vya kandokando, wengine kwa baiskeli, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe. Ngoma zilipoanza, wapinzani wakatoa chatu wao, mnene kama paja, mchezaji amemzungusha shingoni, na umati wote ukaenda kule kama maji. Upande wetu tulibaki na watu wachache na mama yake manju, ambaye alikuwa amekuja na kigoda chake.

"Mwanangu yuko wapi?" aliniuliza.

"Anakuja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Aje upesi. Mwaka jana nilikaa hapa hapa."

Manju alikuwa ndani ya mkokoteni, amelala chini ya turubai. Wapiga ngoma walibadilisha mdundo. Ng'ombe wawili waliukokota mkokoteni polepole hadi katikati ya uwanja, ukasimama. Turubai likainuka lenyewe. Likainuka zaidi. Kisha likaanguka, na jua la bondeni likapiga ile rangi ya mageti.

Ng'ombe ndio waliokuwa wa kwanza kumwona. Waligeuka, wakaona, wakakata kamba na kukimbia kuelekea ziwani. Halafu mtoto mmoja akapiga ukelele. Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia tena: mlio wa miguu ya mamia ya watu ikihama kwa pamoja. Walikuja wakikimbia, wakasimama mbali kidogo, wakasogea, wakarudi nyuma. Manju akaruka kutoka mkokotenini. Akachuchumaa hadi chini, akatikisa mabega, mabamba yakipanda na kushuka moja juu ya jingine kama magamba ya samaki, hakuna lililokwama, hakuna lililochoma. Akajitupa mavumbini na kuinuka bila mikono. Kila alipokunja, pale palikuwa na alama ya chaki ya mke wangu. Bega la kulia lilishika. Kule ng'ambo mwenye chatu alibaki amesimama peke yake, na hatimaye yeye mwenyewe akaja kutazama, nyoka begani.

"Mtoto wangu huyo!" mama mtu alipiga kelele, amepanda juu ya kigoda. "Mbele hapo, msinizibe! Mwaka jana mlikuwa wapi?"

Nilicheka hadi mbavu zikauma. Na mikono yangu ilitafuta pembeni mtu wa kumshika.

Manju alipovua kofia, jasho likimtiririka, walimpa kipaza sauti cha betri. Aliwashukuru wazee. Kisha akasema fundi wake yupo, Mfipa wa Sumbawanga, akaninyooshea kidole. Watu wakafungua njia. Mzee mmoja mwenye fimbo ya mpingo alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu kama anayetazama mazao.

"Wewe ndiye uliyetengeneza?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe na nani?"

Aliuliza hivyo. Kila mtu alikuwa kimya ananisikiliza. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kutaja mtu mmoja.

"Peke yangu," nikasema.

Wakaninyanyua mabegani. "Fundi! Fundi! Fundi!" Niliinua mikono yote miwili.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu habari yote: ng'ombe, chatu, mama na kigoda. Alicheka mahali pote pa kuchekwa. Aliuliza bega lilisimamaje nikamwambia. Kisha akauliza, "Na fundi? Hawakuuliza?"

"Kelele zilikuwa nyingi," nilisema.

Baada ya majuma mawili manju alikuja na wenzake wawili kuagiza vazi la pili, la mwenzake wa mtu wa nyota. Walikaa uani. Mke wangu aliwaletea ugali wa ulezi na kuku. Mmoja wa wageni, asiyejua lolote, alianza kunisifu kwake. "Mama, mumeo ni mtu wa peke yake. Mzee alimuuliza mbele ya bonde zima, wewe na nani? Akajibu, peke yangu! Sisi tukambeba hivi!" Akaonyesha kwa mikono jinsi walivyonibeba. Manju alikuwa anatazama sahani.

Mke wangu alimaliza kuwanawisha mikono, mgeni mmoja baada ya mwingine, mimi wa mwisho.

"Kumbe," alisema. Basi.

Walipoondoka aliingia chumbani akatoka na karatasi zake zote za vipimo, zimefungwa kwa uzi, akaniwekea mapajani. "Hizi ni za fundi," alisema, bila hasira, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Nilijaribu kukata vazi la pili kwa kuzifuata. Kifua kilitoka kama debe lililokanyagwa. Nilimwomba anionyeshe, akasema yeye ni mpunguza suruali tu. Nilimrudishia manju jibu kwamba haiwezekani.

Miaka mingi baadaye, watoto wetu wakiwa wakubwa, nilimwambia kwamba nilikosea siku ile. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, sisi wawili tu. Alisema, "Najua. Lakini ulilisema mbele ya watu, na sasa unanirudishia hapa jikoni." Akaendelea kupukuchua.

Nilifikiri kwenda Muze kulisema kule. Manju alikuwa bado hai, na mama yake pia. Sikwenda. Mwanzoni barabara ilikuwa mbovu, halafu nilikuwa na kazi, halafu nikaona aibu kufukua habari za zamani. Kisha mke wangu akaugua, akafariki, na hapo hapakuwa tena na mtu wa kumpelekea habari kwamba nimelisema.

Hatukuishi vibaya. Alinipikia, tulisali pamoja, tuliwasomesha watoto, tukazika wazazi wa pande zote mbili. Watu walituita mfano wa ndoa. Lakini tangu siku ya ugali ule hakunionyesha tena kitu alichokuwa anakiwaza, na hakuniuliza tena hata mara moja, "Unaonaje?" Kwa majuma saba nilikuwa na mwenzangu wa kazi, aliyekuwa na akili kunizidi na aliyependa kuwa nami. Nilimpoteza kwa maneno mawili, na miaka yote iliyobaki niliishi na mke mwema ambaye hakunihitaji kwa lolote alilolipenda.